Supachaja yako: kemshafti ya kiwandani au ya kuchongwa?

Supachaja ni pampu inayosukuma hewa ndani ya injini; kemshafti ni mhimili wenye nundu zinazofungua valvu. Kwanza, usifunge kemshafti kali ya injini isiyo na supachaja. Huacha valvu za kuingiza na za kutoa wazi pamoja kwa muda mrefu, na supachaja husukuma petroli mbichi moja kwa moja hadi ekzosi. Ya kuchongwa kwa supachaja huwa na nyuzi kama 112 hadi 116 kati ya nundu zake.

Hapa Mwanza, kwenye foleni ya Buzuruga au mlima wa Bugando, ya kiwandani inashinda: injini imetulia, inavuta kutoka chini. Ya kuchongwa hulipa mizunguko ikipanda, tuseme barabara ya Shinyanga.

Gharama ndiyo inayowaumiza wengi, kwani kemshafti haiji peke yake. Msukumo wa bar 0.6 nyuma ya valvu ya milimita 32 ni karibu kilo 5 zinazotaka kuifungua, hivyo springi ngumu ni lazima. Pia hakikisha valvu hazitagonga pistoni: bandika plastisini juu ya pistoni, funga hedi kwa muda, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kisha kata plastisini upime unene wake uliobaki: angalau milimita 2 upande wa kuingiza, 2.5 wa kutoa. Kompyuta ya injini isiporekebishwa, petroli hupungua, injini inagonga, pistoni inatoboka.

Matunzo ya kiwandani ni oili safi tu.

Gari la kazini kila siku? Bakiza ya kiwandani. La wikiendi, na una fundi mwenye vifaa vya kusoma mchanganyiko wa hewa na petroli? Chonga. Ila kama tatizo ni hewa nyepesi ya Mwanza, mita 1,100 na ushei juu ya bahari, puli ndogo ya supachaja, inayoizungusha kwa kasi zaidi, itakusaidia zaidi.