Darasa la Kiingereza la jioni Kirumba: uzoefu wangu

Nianze na jibu kwa mnaojiuliza kama darasa hili linafaa: linastahili pesa yake, hasa kwa mtu anayeshinda Mwaloni, soko letu la samaki hapa Kirumba, Mwanza, au popote penye mizani na mnunuzi wa kutoka nje. Mwalimu ni mzee mstaafu aliyefundisha sekondari. Amepanga chumba huku Kirumba na anafundisha jioni, watu wakishafunga mabanda. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Nimemaliza kwake muhula mzima, na karibu muhula wote aliutumia kwenye mambo mawili tu: namna Kiingereza kinavyolinganisha vitu, na namna vitenzi vyake vinavyogeuka. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kidogo. Si kidogo hata kidogo.

Mimi nafanya kazi kwenye banda la mabondo. Kwa asiyejua, bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara. Hutolewa, husafishwa, hukaushwa, kisha husafirishwa hadi China na Hong Kong, ambako ni chakula cha heshima. Bei yake haifuati kilo peke yake. Kilo moja ya mabondo makubwa ina bei ya juu kuliko kilo moja ya madogo madogo, kwa hiyo kila bondo lina hesabu yake. Mazungumzo mezani ni kulinganisha tangu asubuhi: hili kubwa kuliko lile, haya yamekauka zaidi, haya ndiyo bora kuliko yote. Wakongo wanaokuja kuchukua dagaa na kayabo, yaani samaki wa chumvi waliokaushwa, wengi tunaelewana nao kwa Kiswahili. Lakini kuna Waganda wanaopendelea Kiingereza, na kuna Wachina ambao bila Kiingereza mnabaki kuoneshana vidole na kikokotoo. Ukishindwa kusema “this one is drier”, dalali atakusemea, na dalali hasemi bure.

Wengi tuliosoma shule za serikali tunaijua njia tuliyopita. Msingi unasoma kwa Kiswahili, ukiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza ghafla. Vitenzi tulivikariri kwa safu tatu, darasa zima tukiimba “go, went, gone” mpaka kengele inalia. Kilichokosekana ni mtu wa kutuambia safu ya pili inatumika lini na ya tatu lini. Hilo ndilo nililokuja kulipata kwa mzee huyu, na nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu naona lina faida hata kwa asiyeweza kufika.

Kwenye kulinganisha alianzia kwenye urefu wa neno. Neno la Kiingereza lenye silabi moja linaongezewa mkia: “cheap, cheaper, cheapest”, “small, smaller, smallest”. Neno la silabi mbili linaloishia na y linabadilisha hiyo y kuwa i kwanza: “heavy, heavier, heaviest”. Neno refu haliguswi, linatanguliwa na “more” au “most”: “expensive, more expensive, most expensive”. Kisha kuna yale machache yasiyofuata mtu: “good, better, best”, “bad, worse, worst”, “far, farther, farthest”. Kiswahili chetu hakina haja ya hayo yote. Sisi kivumishi kinabaki kilivyo, tunaweka “kuliko” au “zaidi” na kazi imekwisha. Ndiyo maana ulimi wa Mswahili unakimbilia “more” kila mahali, na ndipo zinapozaliwa “more better” na “more bigger”. Mzee alieleza bila kumcheka mtu: ile “er” ya mwisho tayari ni “zaidi”, ukiongeza “more” umeweka zaidi mbili. Akaongeza kwamba enzi za Shakespeare Waingereza wenyewe walikuwa wakiziweka zote mbili pamoja na hakuna aliyeona ajabu, ila Kiingereza cha leo hakikubali. Nilipenda alivyotuambia hilo. Watu walilegea mabega, wakaanza kujaribu kwa sauti.

Kuna kanuni ya tahajia ambayo sikuwahi kuelezwa shuleni: kwa nini “big” inakuwa “bigger” yenye g mbili lakini “cheap” haipati p ya pili? Kwa maneno haya ya silabi moja, konsonanti ya mwisho inarudiwa pale tu inapokuwa moja na imetanguliwa na irabu moja. “Big, bigger”, “thin, thinner”, “wet, wetter”. Kwenye “cheap” kuna irabu mbili, kwa hiyo p inabaki moja. Kwenye “small” konsonanti ziko mbili tayari. Ukiandika lebo za magunia au ujumbe wa WhatsApp kwa mteja, hili linakuokoa kila siku.

Somo lililonikaa zaidi lilifanyika bila kitabu. Mzee aliomba mmoja wetu aje na mabondo matatu makavu na mizani ndogo ya gramu. Akayapanga mezani, akamwita kijana mmoja wa bodaboda ambaye hajawahi kushika bondo maishani. Kijana akaanza, “This is more heavy…” Mzee akamkatiza kwa upole: “Mwanangu, liweke kwanza mkononi. Haya, na hili la pili. Sasa niambie.” Kijana akapima kwa viganja, akasema polepole, “This one is heavier than that one.” Akaambiwa aweke yote matatu kwenye mizani, moja baada ya jingine, atafute lililo zito kuliko yote. “This is the heaviest.” Mzee akagonga meza kwenye ile “the”, maana ndiyo tunayoiacha mara nyingi. Ukilinganisha viwili unahitaji “than”, ukitaja kinachozidi vyote unahitaji “the”. Tulizunguka meza hivyo mpaka kila mtu kasema sentensi zake, na yule kijana akaishia kuwasahihisha wengine.

Siku nyingine alitutoa kwenye samaki akatupeleka kwenye ramani. “Nyegezi is far, Buhongwa is farther, Usagara is the farthest.” Mtu yeyote aliyewahi kupanda daladala kutoka mjini hawezi kuisahau hiyo. Kisha yakaja maziwa. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800, ndilo kubwa kuliko yote Afrika, lakini kina chake hakifiki mita 100, wakati Tanganyika inashuka hadi mita 1,470 hivi. Kwa hiyo: “Lake Victoria is larger, but Lake Tanganyika is deeper.” Dada mmoja mzaliwa wa Kigoma alisimama kuitetea Tanganyika kwa nguvu, na ubishi ule ulitufundisha kuliko zoezi lolote la kujaza nafasi. Hapo hapo tukajifunza kwamba “one of the” inafuatwa na wingi: “one of the largest lakes in the world”, si “lake”.

Na jambo moja la biashara, ambalo kwangu peke yake lingetosha kulipia ada: “not as… as”. Ukimwambia mteja mzigo wake ni “worse”, umemchoma. Ukisema “it is not as dry as yesterday’s”, yaani haujakauka kama wa jana, umesema ukweli uleule lakini umemwachia nafasi ya kujibu na nyinyi wawili mnaendelea kupatana bei.

Upande wa vitenzi ndiko alikotumia muda mwingi, na ndiko ninakomsifu bila kusita. Hakutupa orodha ndefu ya herufi A hadi Z. Alivigawa vitenzi visivyo vya kawaida kwa tabia. Kuna vinavyobaki vilevile safu zote tatu: “cut, put, cost, shut”. Kuna ambavyo safu ya pili na ya tatu zinafanana: “sell, sold, sold”, “pay, paid, paid”. Humo humo akaweka kundi la “buy, bring, catch, think, teach”, ambalo maandishi yake yanatisha lakini masikioni yote yanaishia kwa sauti moja: “bought, brought, caught, thought, taught”. Kuna vinavyorudi nyumbani safu ya tatu: “come, came, come”, “run, ran, run”. Halafu vinavyogeuka kila safu: “go, went, gone”, “take, took, taken”, “write, wrote, written”. Visivyo vya kawaida ni kama 200 tu vinavyotumika sana, wakati vya kawaida ni maelfu, lakini hivyo vichache ndivyo vilivyo midomoni muda wote: kuwa, kwenda, kusema, kupata, kuona, kuja. Huwezi kuvikwepa.

Hata vile vya kawaida vina siri yake. Ule mkia wa “ed” una sauti tatu. “Packed” inaishia na t, “dried” inaishia na d, na “salted” ndiyo pekee kati ya hizo inayopata silabi ya ziada. Wengi wetu tulikuwa tunatamka “pakedi” na mnunuzi anakunja uso. Tulipanga kazi zote za Mwaloni kwa sauti hizo tatu: “washed, packed” huku, “weighed, dried” kule, “salted, loaded” upande wake.

Kisha “did”. Kwenye swali na kwenye kukanusha, “did” imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi kilivyozaliwa: “Did you sell?”, “I didn’t go”. Tulizoea kusikia “did you sold” sokoni mpaka ikaonekana ndiyo sahihi.

Na safu ya tatu, ile tuliyoimba bila kujua kazi yake, ina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni pamoja na “have” au “has”, na hapo inakaribiana sana na “me” yetu: lori limeondoka, “the truck has left”. Tahadhari ni moja. Sisi tunaweza kusema “nimeuza jana” na hakuna anayeshangaa. Kiingereza ukishataja jana, juzi au saa fulani iliyopita, hakitaki “have”, kinataka safu ya pili: “I sold it yesterday”. Kazi ya pili ni ya kutendwa. Mzee alitumia mambo ya kwetu: sangara waliletwa ziwani miaka ya 1950, “Nile perch were brought to the lake in the 1950s”. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilizinduliwa Juni 2025, “the bridge was opened in June 2025”. Nikikumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo, sentensi hiyo naisema kwa moyo wote.

Sasa upungufu, maana upo. Chumba ni kidogo na wanafunzi wameongezeka, aliyechelewa anasimama mlangoni. Karatasi za mazoezi ni kopi ya kopi, baadhi ya mistari haisomeki. Umeme ukikatika tunawasha tochi za simu na somo la kuandika linageuka la kuzungumza tu. Matamshi yote tunayasikia kwa mtu mmoja, hakuna redio wala spika, kwa hiyo nyumbani najazia na masomo ya bure ya BBC Learning English kwenye simu. Hapo nasikia sauti tofauti, ila simu haiwezi kunisimamisha katikati ya sentensi ikaniambia nimeacha “the”.

Kabla ya hapa nilisoma kwenye kituo kimoja cha mjini ambacho ada yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hii. Kulikuwa na viti vizuri na cheti cha kupendeza, lakini mwalimu alisoma kitabu, sisi tukajaza nafasi zilizoachwa wazi, na jioni ikaisha bila mtu kufungua kinywa. Anayehitaji cheti cha kuambatanisha kwenye maombi ya kazi, kule kutamfaa zaidi, kwa mzee hakuna cheti. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani wa taifa naye namshauri atafute masomo ya ziada ya shule, kwa sababu hapa hakuna ufupisho wala fasihi. Lakini mama mwenye genge la sato, kijana wa hotelini, dereva wa watalii, karani wa mzigo, hao nawaambia waje, na waje na bidhaa zao, kwa sababu mzee anafundishia kile ulichonacho mkononi.

Nimemwomba aongeze darasa la Jumamosi kwa wanaofunga kazi usiku, na amesema akipata watu wa kutosha ataanza. Muhula ujao tunaingia kwenye sentensi za masharti, zile za “if”, ambazo kwenye kupatana bei ndizo zinazoamua. Ada yake nimeshalipa.