Juisi ya mabibo, Masasi: kinywaji nilichokiogopa miaka sita

Ukipita Masasi msimu wa mabibo, kwenye barabara ya kwenda Newala kuna mama anauza juisi ya mabibo chini ya mkorosho. Glasi shilingi 500, lita moja 1,500. Nimekunywa kwake mara nne mwaka huu. Niseme mapema kwamba nimeokoka, huu ni mwaka wa sita, na kabla ya hapo bibo, tunda la mkorosho, kwangu lilikuwa uraka, yaani juisi yake iliyochacha ikawa pombe, asubuhi, na nipa, ile pombe kali ya kukeneka, jioni.

Juisi yenyewe ni safi kweli. Mama anaokota mabibo yaliyoanguka usiku huohuo, anakonyoa korosho, anaosha, anakamua kwa mkono na kuchuja kwa kitambaa cheupe. Kisha anamimina uji mwepesi wa mchele uliopoa, anakoroga, anaacha ndoo itulie. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka. Ukakasi wote unazama na uji, juu inabaki juisi ya rangi ya asali, naye anaichota kwa kikombe polepole asije akaitibua. Tangawizi anatia kidogo tu. Koo halikwaruzi hata kidogo. Unapata utamu, halafu harufu ya bibo inakupanda puani.

Harufu hiyo ndiyo iliyonishika siku ya kwanza. Niliweka glasi mezani, mkono unatetemeka. Mama akaniuliza, "Vipi mjomba, imechacha?" Nikamweleza ukweli wangu. Akavuta kigoda, akakaa. "Hii nimekamua leo saa mbili asubuhi. Ikilala siuzi, namwaga." Nikainywa yote.

Kuna ndugu kanisani alinikataza hata kula bibo lenyewe. Ananipenda, najua. Lakini Paulo alipowaandikia Wagalatia wasinaswe tena na kongwa la utumwa, hakuanza na walevi. Alikuwa anawalilia waumini waliotaka kurudi kwenye tohara na kushika siku na miezi, kana kwamba Kristo peke yake hawatoshi. Ulevi anautaja mbele, kwenye matendo ya mwili. Na kongwa kwetu Masasi lina historia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta hapa kutoka Zanzibar watu waliokombolewa utumwani, wakaanza maisha chini ya miamba hii. Kongwa ni ule mti wenye panda waliokuwa wakifungwa shingoni mateka msafarani. Nikiwafikiria watu wale, naona nipa ilikuwa kongwa langu, na kuuogopa mkorosho alioupanda baba yangu nako kungekuwa kongwa, tena ningejivisha mwenyewe na kuliita utakatifu.

Simwambii kila mtu aende. Aliyeacha pombe mwezi uliopita apite njia nyingine, asione aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilizunguka njia ya nyuma msimu mzima, na Bwana alikuwa nami huko nyuma.

Kasoro ni ya chupa. Siku ya tatu nilinunua lita moja mchana, nikaisahau karakanani. Asubuhi nimefungua, kizibo kikaruka, povu likanimwagikia vidoleni. Ilikuwa imeshakuwa uraka. Hakuna mtu karibu, mbao zimepangwa, mlango umerudishwa. Nilisimama na ile chupa nikiisikia inachemka taratibu, na mwili ukakumbuka kila kitu, hata namna ya kuinamisha shingo. Niliimwaga kwenye maranda, nikampigia simu mwenzangu wa maombi, akaja na baiskeli yake tukaomba tumesimama palepale kwenye unyevu. Mama anajua kabisa juisi ikilala inageuka. Angemwambia anayebeba chupa ainywe siku hiyohiyo. Nilimweleza, akasema ataanza kuwaambia watu. Nilipokwenda mara ya nne nikamsikia akimwambia dereva mmoja.

Mimi sasa nachukua glasi tu, nainywa pale benchini, naisuuza, namrudishia. Nenda kabla ya saa sita, maana saa nane ndoo huwa imekwisha. Jumapili hafungui.