Mapokezi ya Mgeni Kanisani: Miezi Mitatu Katika Makusanyiko ya Malindi

Nilipohamishiwa Malindi kufundisha, mwezi wa Januari, kasisi wangu wa Voi alinipa barua ya utambulisho ya ukurasa mmoja, yenye muhuri wa kanisa, iliyosema kwamba nimebatizwa, nimepata kipaimara, nashiriki Meza ya Bwana, na kwamba nimefundisha shule ya Jumapili kwa miaka tisa. Desturi hii ni kongwe: katika Waraka kwa Warumi, sura ya 16, Paulo anamtambulisha Fibi wa Kenkrea na kuwaomba Wakristo wa Roma wampokee na kumsaidia kwa lolote atakalohitaji kwao. Barua yangu ndiyo iliyonifungua macho, kwa hiyo nitaitumia kuwa kipimo cha tathmini hii. Nimesali katika makusanyiko matatu, nami nitayaeleza bila kuyataja majina. Mawili kwa sababu sikusudii kumwaibisha mtu, na la tatu kwa sababu wazee wake waliniomba nisiwapigie baragumu.

La kwanza ni kanisa kubwa la mjini, lenye kwaya mbili na wahudumu wa mlangoni waliovaa sare na beji. Kwa anayeingia mara moja na kuondoka, mapokezi yake hayana dosari: unapewa mkono, unaonyeshwa kiti, unakabidhiwa ratiba ya ibada iliyochapishwa vizuri. Kisha hufika wakati wa wageni kusimama. Siku hiyo tulisimama watu sita mbele ya mamia ya waumini, kila mmoja akataja jina lake na alikotoka, tukapigiwa makofi ya kilo, tukaimbiwa ubeti mmoja wa kukaribishwa, tukaketi. Hakuna aliyetuuliza kwanza kama tungependa kusimama. Kijana mmoja aliyeketi nyuma yangu aliinama akawa anafunga na kufungua kamba za kiatu mpaka wimbo ulipokwisha, na katika Jumapili tatu zilizofuata sikumwona tena. Sijui alikuwa na mzigo gani moyoni, lakini najua kwamba mtu aliyefiwa juzi, au aliyekaa miaka kumi bila kukanyaga kanisani, huenda amekuja akitafuta kona ya kukaa kimya, na kumsimamisha hadharani ni kumwondolea kona hiyo.

Baada ya ibada tulipelekwa kwenye meza yenye fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Fomu ilitaka jina, nambari ya simu, kazi, mtaa ninaokaa na tarehe niliyookoka. Nilimpa karani barua yangu. Aliitazama muhuri, akaiweka chini ya stepla, akasema itashughulikiwa. Jumanne iliyofuata simu ililia na nikaona jina la kanisa. Nilifurahi kabla sijafungua ujumbe. Ulikuwa ujumbe wa mchango wa ujenzi, wenye nambari ya kutumia pesa na tarehe ya mwisho, na Ijumaa ukaja wa pili wa kukumbusha. Jumapili ya nne mhudumu yuleyule wa mlangoni alinishika mkono kwa tabasamu lilelile na kuniuliza kama mimi ni mgeni. Barua ilikuwa bado chini ya stepla. Niliiomba, nikarudishiwa bila kuulizwa sababu.

Jambo moja zaidi kuhusu kanisa hilo. Malindi ni mji uliozoea Wataliano, na Jumapili ya tatu waliingia watalii wanne wakiwa wamechelewa karibu saa nzima. Safu ya pili iliondolewa watu ili wapate nafasi, na miongoni mwa walioondolewa alikuwamo mzee mwenye fimbo, aliyekwenda kusimama karibu na mlango. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unazungumzia hasa jambo hilo: aingiapo mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri akaambiwa aketi mahali pazuri, na maskini akaambiwa asimame kule. Wageni wale hawakuomba kiti cha mtu, na kwa jinsi walivyokuwa wakigeuka kumtazama yule mzee, nadhani nao waliona aibu.

Kusanyiko la pili lilikuwa dogo, katika ukumbi wa kukodi, na hapo nilipata upendo usio na kipimo tangu dakika ya kwanza. Nilikumbatiwa, nikaitwa dada, nikatumiwa ujumbe asubuhi na jioni. Wiki ya pili nilitakiwa kuhudhuria maombi kila usiku. Niliposema nina madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, niliambiwa kazi isiwe sanamu yangu. Wiki hiyohiyo mama mmoja alinishauri nipunguze kuzungumza na ndugu zangu wa Voi, kwa kuwa "hawataelewa safari yako". Sikurudi tena.

Huenda watu wale walikuwa na nia njema kabisa. Lakini anayesali Malindi leo hawezi kusahau kwamba msitu wa Shakahola uko katika kaunti yetu hii ya Kilifi, na kwamba tangu Aprili 2023 ilifukuliwa humo miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga chakula hadi kufa, watoto wakiwamo, wengi wao wakiwa wametoka kaunti za mbali wakiacha kazi, shule na jamaa zao. Wao pia walikaribishwa na mtu. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba mapokezi hayapimwi kwa joto lake peke yake. Mgeni aliyepokelewa vizuri hubaki na simu yake, na jamaa zake, na kazi yake, na daktari wake, na anaweza kukosa Jumapili mbili bila kuhojiwa kama mkosaji. Kanisa ambalo mlango wake ni rahisi kuuingia na mgumu kuutoka halijamkaribisha mtu.

Nilifika katika kusanyiko la tatu mwishoni mwa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na jua la Malindi likichoma tangu saa mbili asubuhi. Liko nje kidogo ya mji, upande wa barabara iendayo Lango la Sala la Mbuga ya Tsavo Mashariki. Tuktuk hukushusha njia panda, kisha unatembea kwenye mchanga kati ya mikorosho. Jengo ni la matofali yasiyopigwa lipu na paa la mabati, na benchi zake hazina egemeo. Mlangoni hapakuwa na mtu mwenye beji. Palikuwa na mtungi wa maji, kikombe kilichofunikwa kwa kisahani, na msichana wa miaka kama kumi na miwili aliyenimiminia maji kabla hajanisalimu, na nilikuwa na kiu kweli.

Niliketi benchi ya nyuma. Ajuza aliyekuwa pale, ambaye wote humwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, alivuta leso yake iliyokuwa imetandazwa kwenye benchi, akaikunja mara mbili, akapigapiga mahali palipobaki wazi ili nisogee. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Kigiriama, nami ni Mtaita. Hawe alinisogezea kitabu chake na kupitisha kidole chini ya kila mstari, polepole kuliko waimbaji, na kila ubeti ulipokwisha alininong'oneza maana yake kwa Kiswahili. Kidole kile kilikuwa na kovu la kisu kwenye ukucha, na kilitetemeka kidogo. Hakuniuliza jina mpaka ibada ilipokwisha.

Hakuna aliyesimamishwa. Wakati wa matangazo, mzee wa kanisa alisema, "Tunao wageni leo na tunawashukuru kwa kuja. Anayependa kutujulisha jina lake atatukuta chini ya mwembe. Asiyependa leo, aende kwa amani, na akirudi atatukuta." Kisha akaendelea na tangazo la harusi. Nilikaa nikilifikiria tamko hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria mahubiri, na mahubiri yenyewe hayakuwa mabaya.

Chini ya mwembe palikuwa na chai ya tangawizi, mahamri na sufuria ya mbaazi za nazi. Nilitarajia yale ambayo nimeyaona katika makanisa mengi, pamoja na langu la zamani: wenyeji wanasimama vikundi vikundi wakiulizana habari za wiki, na mgeni anashika kikombe chake akijifanya anatazama miti. Haikuwa hivyo. Mzee alinieleza baadaye kwamba wana kanuni waliyokubaliana katika baraza: kwa robo saa ya kwanza baada ya baraka, hakuna mzee wala mama kiongozi anayeruhusiwa kuzungumzia shughuli za kanisa, wala kuzungumza na mtu wa nyumbani kwake. Kila mmoja humtafuta mtu asiyemfahamu au ambaye hajamwona siku nyingi. Robo saa ikiisha, kila mtu yuko huru. Ni kanuni ndogo isiyogharimu hata shilingi, na sijaona semina ya uinjilisti iliyoleta matunda kama hayo.

Maswali niliyoulizwa nayo yalikuwa tofauti. Hakuna aliyetaka kujua ninafanya kazi gani wala nimeokoka lini. Niliulizwa kama maji yanatoka huko ninakokaa, kama nimepata chandarua, kama nina mtu wa kunipeleka hospitalini usiku nikipatwa na homa. Mama mmoja aliniandikia nambari ya mwendesha bodaboda anayemwamini. Jina langu liliandikwa katika daftari la shule la kurasa 96 lenye safu tatu zilizopigwa kwa rula: jina la mgeni, mahali anapokaa, na nani amemjulia hali. Jumatano jioni watu wawili walibisha hodi nyumbani kwangu, Hawe na binti yake, wakiwa na mfuko wa maembe. Walikaa dakika ishirini, wakaomba kwa ufupi, wakaenda zao. Hawakugusia sadaka wala mchango.

Sasa barua. Nilipompa mzee, alikuwa anakula. Aliweka mkono nyuma asije akaichafua, akaenda kunawa, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akaisoma barua yote, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine, kisha akaniuliza hali ya kasisi wangu kana kwamba ni rafiki yake wa siku nyingi. "Hii tutaijibu," alisema. Baada ya wiki tatu kasisi alinipigia simu kutoka Voi akaniambia amepokea jibu lililotiwa saini na wazee watatu, wakimwarifu kwamba nimefika salama na kwamba nimepata kiti. Alisema katika miaka yake yote ya utumishi amewaandikia barua watu wengi sana, na majibu aliyowahi kupata hayajazi mkono mmoja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Jumapili ya tano jembe langu lilikuja: niliombwa kusaidia darasa la watoto. Hata hapo walikwenda kwa uangalifu. Pamoja na barua yangu, walimpigia kasisi simu kumuuliza juu ya mwenendo wangu na watoto, na mwezi wa kwanza niliketi na mwalimu mwenyeji bila kuachwa peke yangu darasani. Nilifurahi kuulizwa. Kanisa linalompa mgeni watoto bila kumchunguza halijampenda mgeni, na watoto halijawapenda kabisa.

Mzee huyo ana desturi ya kuwapeleka wageni, wale wanaotaka, kwenye kanisa dogo la Wareno lililo karibu na ufuo, lenye kuta nyeupe, paa la makuti na makaburi uani. Kutoka pale aliniambia habari za Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498 na kupewa na mtawala wa mji rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na za Francis Xavier, aliyepita hapa mwaka 1542 akielekea Goa na kumzika Malindi msafiri mwenzake. "Mwanangu," alisema, "Wakristo wa kwanza katika mji huu walikuwa wageni, na waliowapokea walikuwa Waislamu. Sisi tulipokelewa kabla hatujampokea mtu." Nilielewa hapo kwamba daftari lile na kanuni ile ya robo saa havikutokana na mbinu ya kuongeza idadi ya waumini.

Kusanyiko hili lina upungufu, na si haki niunyamazie. Hakuna kibao njia panda. Jumapili ya kwanza nililipita mara mbili. Choo hufungwa kwa kufuli na ufunguo hukaa kwa mtu aliye kwenye kwaya, jambo linalomtesa mjamzito na mzee mgeni asiyejua wa kumwomba. Kizingiti cha mlango ni kirefu na hakuna njia ya kiti cha magurudumu. Mahubiri ya Kigiriama hutafsiriwa vizuri mwanzoni, lakini mtafsiri huchoka na nusu ya mwisho hukatwa katwa. Tena vijana wa kiume wanaokuja peke yao, hasa waendesha bodaboda, hawapati mapokezi niliyopata mimi mwalimu mwenye barua. Huachiwa kusimama ukutani, na robo saa ile haiwafikii sana. Nimewaambia wazee hayo, nao wameyaandika. Kwa sasa nalipatia kusanyiko hili alama saba kwa kumi, na alama mbili kati ya tatu nilizoondoa ni za vijana hao.

Kwa anayetaka kwenda: ibada ya Kigiriama huanza saa moja na nusu asubuhi, ya Kiswahili saa nne. Mwambie dereva wa tuktuk akushushe penye duka la makaa, kisha ufuate mikorosho upande wa kushoto. Ukiwa na barua ya utambulisho, mpe mzee mwenye miwani ya uzi, na umsubiri anawe mikono.