Bunduki ya upepo bustanini: ya springi au ya mtungi?

Huku Uyole panya na kuchakuro hawasubiri mahindi yakauke. Ukiamua kutumia bunduki ya upepo, utakutana na aina mbili.

Ya springi unakunja mtutu, springi inajibana, ukifyatua pistoni inasukuma hewa. Haidai kingine zaidi ya risasi zake. Ubaya wake ni mtikisiko: inaruka nyuma, halafu papo hapo inajitupa mbele. Darubini nyingi za kulengea, zile zinazofungwa juu ya bunduki, zimetengenezwa kuhimili teke la kurudi nyuma tu, kwa hiyo hulegea, au alama ya msalaba ndani inakatika. Tafuta iliyotajwa wazi kuwa ni ya bunduki ya springi, na usidanganywe na ukubwa wa kioo; 4x32 (inakuza mara 4, kioo cha mbele milimita 32) inatosha kabisa kwa mita 20.

Ya mtungi hujazwa hewa mpaka kama bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Imetulia, haisumbui darubini, shabaha yake tamu. Lakini hiyo pampu ya mkono! Utatoka jasho hata kwenye baridi ya Juni. Na oringi, zile pete za mpira zinazozuia hewa, zikianza kuvuja, fundi utamtoa wapi?

Mimi ningebeba springi, ya risasi yenye kipenyo cha milimita 5.5 badala ya 4.5, maana risasi nzito humlaza panya palepale, haendi kufia darini. Suala la kibali ulizia polisi kabla hujalipa.

Fuko wa kwenye viazi hao waachie mtego, bunduki zote mbili hazimfikii.