Bata Bukini wa Kwanza: Ununue wa Umri Gani, na wa Aina Gani

Wengi wanaonijia kutaka ushauri huanza na aina. Mweupe au wa kijivu? Mchina au wa Ulaya? Mimi huwauliza kwanza: unataka kumnunua akiwa na umri gani, na amelelewa na nani? Kuku akikushinda tabia unamchinja na habari yake inaishia hapo. Bata bukini anayetunzwa vizuri huishi miaka 20 na kuzidi, anakumbuka watu, na tabia aliyokuja nayo langoni ndiyo utakayoishi nayo muda wote huo.

Nimewafuga Kibaha kwa miaka tisa. Kundi langu la kwanza lilikuwa dume na majike wawili wakubwa niliowakuta mnadani wamefungwa miguu kwa kamba. Walikuwa wazuri kwa macho. Jike mmoja alichechemea hadi alipokufa, na dume hakuwahi kumwamini binadamu yeyote. Mwezi wa pili alimng'ata mtoto wa jirani pajani hadi pakavilia damu. Kundi la pili nililinunua likiwa vifaranga wa wiki tatu, na hao ndio wanaonifuata mpaka leo nikienda kukata majani. Orodha yangu imetokana na tofauti ya makundi hayo mawili.

Nafasi ya kwanza: vifaranga wa wiki mbili hadi nne, wawili au watatu pamoja

Kwa anayeanza, sijaona kinachoshinda hiki. Siku ngumu zaidi zimepita mikononi mwa mtu mwenye uzoefu. Kifaranga wa bata bukini anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki. Kwa hiyo wa wiki tatu, kwa hali ya hewa ya Pwani, anahitaji joto usiku tu na siku za mvua. Miguu imeshakomaa kiasi cha kuonyesha kama ina kasoro. Na bado ni mdogo wa kutosha kukuzoea ndani ya siku chache. Udongo uwahi ungali maji.

Utalipa zaidi kuliko kwa kifaranga wa siku moja. Lipa, kwa sababu unanunua wiki za usingizi wa mtu mwingine, chakula, na vifo ambavyo hukuviona.

Kabla hujatoa pesa, chuchumaa kando ya bruda, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, na uweke kiganja chenye mchicha uliokatwakatwa. Usiseme kitu, usisogee. Vifaranga waliozoeshwa watasita, mmoja atakuja, wengine watamfuata. Waliolelewa kwenye kona ya giza na kumwona mtu pale tu anapowakamata watarundikana upande wa mbali na kubaki huko. Nikiona hivyo hushukuru na kwenda kwa mfugaji mwingine, hata kama bei ni nzuri.

Kuhusu idadi, sina mjadala: usinunue mmoja. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwa bata bukini wake kwamba kifaranga humfuata yule anayemwona katika saa za mwanzo za uhai wake na kumchukua kuwa mzazi, hata akiwa binadamu mwenye ndevu. Picha zake akiogelea huku vifaranga wakimfuata zinapendeza, na watu huzitamani. Lakini kifaranga anayekua peke yake na mtu hajui kuwa yeye ni bata bukini. Akibalehe anatafuta mwenzi kati ya watu, anamchagua mmoja nyumbani na kuwafukuza wengine wote kama wapinzani. Wakiwa wawili au watatu hujifunza lugha yao wenyewe, na wewe unabaki rafiki wa kundi. Hapo ndipo pazuri kwa pande zote.

Nafasi ya pili: vifaranga wa siku moja hadi saba

Hawa huzoea mtu kuliko wote, na kama una muda wa kukaa nyumbani na umewahi kulea vifaranga wa kuku, unaweza kuanzia hapa. Jua tu kwamba si vifaranga wa kuku wakubwa. Mambo matatu huwaua au kuwalemaza mikononi mwa wageni.

La kwanza ni maji. Watu hudhani kwa kuwa ni bata, aogelee. Kifaranga asiye na mama hana mafuta ya kutosha kwenye manyoya yake laini, hivyo analowa, anapoa na kufa. Mpe maji ya kina cha kuzamisha mdomo na pua, kwenye chombo asichoweza kuingia mzima. Kuogelea kunasubiri.

La pili ni miguu. Ndege wa majini wanahitaji niasini, yaani vitamini B3, kwa wingi kuliko kuku. Wakikosa, miguu hupinda na kifaranga hutembea kwa magoti. Hamira ya bia inayochanganywa kwenye chakula inasaidia sana, na duka la dawa za mifugo lina vitamini za kuweka kwenye maji. Ukinunua chakula cha vifaranga vya kuku, omba kile kisichochanganywa na dawa, maana baadhi ya dawa za kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo vinavyoharisha vifaranga, zinazowafaa kuku zinawadhuru ndege wa majini.

La tatu huja baadaye kidogo, nalo linaletwa na upendo. Wiki tatu za mwanzo wanahitaji chakula chenye protini ya asilimia 20 hivi, kisha kishuke hadi 15 au 16 na majani yawe mengi. Anayeendelea kuwashindilia chakula kizito, na mikate juu yake, huona ncha ya bawa ikianza kujipinda kwenda nje. Bawa hukua haraka kuliko kiungo kinavyoweza kulibeba. Ukiwahi siku za mwanzo, unalikunja mahali pake na kulifunga kwa bandeji laini siku chache, nalo linarudi. Ukichelewa, linabaki hivyo maisha yote.

Nafasi ya tatu: vijana wa miezi mitatu hadi sita

Chaguo zuri kwa mtu asiye na umeme wa uhakika wala nafasi ya bruda. Wamestahimili magonjwa ya utotoni, wanajilisha majani, na unaweza kujua dume ni yupi. Kuzoeana kutachukua miezi badala ya siku, na huenda wasikubali kamwe kushikwa. Ukibahatika kupata waliokulia kwenye nyumba yenye watoto na mbwa, wapandishe nafasi.

Nafasi ya nne: wakubwa wanaotaga

Shida yao ni kwamba wana historia usiyoijua. Bata bukini hufungamana wawili wawili. Ukinunua dume huku na jike kule hukununua jozi, umenunua ndege wawili wenye huzuni. Chukua waliokuwa pamoja, na usitarajie mayai mapema, maana kuhama kunawakatisha kutaga. Ukweli upande wao ni kwamba aina nyingi hutoa mayai yenye mbegu nzuri kuanzia mwaka wa pili, hivyo mwenye haraka ya kuzalisha anaokoa muda.

Nafasi ya mwisho: mayai ya kutotolesha

Bei yake ndogo inavutia. Yai linaatamiwa siku 28 hadi 35, muda mwingi zaidi ya yai la kuku. Barabara ya vumbi na mashimo inalitikisa kabla halijafika. Kuku anaweza kuatamia mayai manne hadi sita, lakini ni makubwa mno kwake kuyageuza, hivyo itabidi uyageuze wewe kila siku. Subiri hadi uwe na mayai ya majike wako mwenyewe.

Wapo pia wa kuwaacha kabisa. Wa kwanza ni dume mkubwa anayeuzwa peke yake kwa bei ya kutupa, kwani mara nyingi ameshamshinda mwenyewe. Wa pili ni ndege wa porini, hasa yule wa kahawia mwenye duara la rangi iliyokoza machoni anayeonekana kandokando ya maziwa na mabwawa yetu. Huyo analindwa na sheria za wanyamapori, Tanzania ile ya 2009 na Kenya ile ya 2013.

Sasa, aina

Bata bukini wa kufugwa wana koo mbili. Wa Ulaya, kama Embden mweupe na Toulouse wa kijivu, hawana nundu juu ya mdomo. Wa Asia wana nundu: Mchina, na mkubwa aitwaye African. Jina hilo la pili lisikudanganye, asili yake si bara letu. Ni kama bukini lenyewe, jina la zamani la Kiswahili la Madagaska, ambalo halitoshi kuwa cheti cha kuzaliwa cha ndege huyu.

Kwa anayeanza naweka Mchina mbele. Ni mwepesi, dume kilo tano hivi, jike anapungua kidogo, kwa hiyo hata kijana wa miaka 12 anaweza kumbeba. Hutaga kuliko wengine, mayai 40 na zaidi kwa mwaka akitunzwa. Anachunga majani kwa bidii. Kasoro yake ni kelele. Ghala za whisky za Ballantine's kule Dumbarton, Scotland, ziliwatumia bata bukini wa Kichina kama walinzi kuanzia 1959, na kilichomfaa mlinzi wa ghala hakimfai jirani aliye ukuta mmoja nawe. Ukikaa kwenye nyumba zilizobanana, ongea na jirani na ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kununua.

Embden nampa nafasi ya pili: ni mkimya zaidi, ila dume anafika kilo tisa na kupita, na pigo la bawa lake si mchezo kwa mtoto mdogo. African ana tabia ya upole akilelewa vizuri na ningempenda zaidi kama angepatikana kwa urahisi. Toulouse ni mzito na mvivu wa kutembea, anafaa nyama. Wengi utakaowakuta ni machotara, na sioni aibu yoyote kuwanunua.

Hakikisha tu kwamba unachouziwa ni bata bukini. Kifaranga wake ana shingo ndefu na mdomo mfupi, mnene, unaochongoka mbele. Wa bata wa kawaida ni bapa. Na muuzaji akikuhakikishia kwa macho kwamba kifaranga wa siku mbili ni jike, anabahatisha. Jinsia huangaliwa kwa kufunua njia ya haja, tena na aliyefundishwa. Kwa bata bukini wa Kichina subiri wiki nane hivi: dume anatangulia kuota nundu, na sauti yake huwa nyembamba kuliko ya jike.

Wakishafika nyumbani

Kuzoesha ni kukaa. Keti chini, si kusimama, mara tatu nne kwa siku, dakika kumi zinatosha. Tumia neno moja la kuwaita kila unapotoa majani. Mimi husema "haya, haya, haya", na kwa wiki moja tu neno hilo likawa kengele. Waache waje wenyewe. Ukimfukuza kifaranga kumkamata umefuta kazi ya siku tatu. Walete polepole kwa watoto, mbwa wa nyumbani, pikipiki, mwavuli uliofunguliwa, wangali wadogo, ili vitu hivyo visiwe adui baadaye. Wakianza kutafuna vidole na vifungo vya shati, ondoa mkono na uwape jani. Kinachochekesha wiki ya nne kinaumiza mwaka wa pili.

Kumbeba, pitisha mkono mmoja chini ya kifua, mabawa yabanwe mwilini mwako, kichwa kielekee nyuma yako. Usimshike miguu wala mabawa. Miguu yao ni dhaifu kuliko inavyoonekana, na kuning'inizwa kichwa chini ndiko kulikomlemaza jike wangu.

Msimu wa kutaga ukikaribia, dume mpole kuliko wote atakujaribu. Shingo inalala sambamba na ardhi, anazomea, anakuja. Usikimbie, usimpige teke. Simama umtazame, panua mikono, piga hatua moja kumwelekea. Atageuka na kurudi kwa jike wake akipiga kelele za ushindi, na jike atamjibu. Mwache ashinde kwa mkewe, muhimu ni kwamba hakukugusa. Waambie wageni na watoto wafanye hivyo hivyo, na wasikaribie kiota.

Siku ya kuwachukua, nenda alfajiri na tenga au boksi lenye maranda makavu na matundu ya hewa, usiruhusu kamba. Banda liwe tayari, mita mraba moja kwa kila mkubwa, lenye mlango usiopitisha nguchiro wala kicheche. Watenge na kuku wako wiki tatu hivi, na kuku wawe wamechanjwa mdondo, kwani bata bukini anaweza kuubeba bila kuonyesha dalili. Wakishuka, wape maji kwanza, kaa nao kimya mpaka wanywe, ndipo umwage majani.