Kanga ya bibi haina jina: uzoefu wangu na ofisi ya wachoraji

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika hivi hivi.

Tuko watatu. Mimi naandika hadithi, binamu yangu anaandika kodi za kompyuta, na rafiki yetu mmoja anarekodi sauti chumbani kwake, godoro kaliegemeza dirishani kuzuia kelele za bodaboda. Hakuna anayetulipa. Tunatengeneza riwaya ya picha, lile gemu la kusoma: mhusika anasimama mbele ya mandhari, maneno yanapita chini, ukifika mahali unachagua umjibu nini na hadithi inafuata jibu lako. Yetu inatokea hapa hapa Tanga, Ngamiani, nyumbani kwa bibi anayelea mjukuu wake.

Bibi huyo hagombi. Akikasirika anabadili kanga. Mchezaji asiposoma jina la kanga aliyoivaa bibi asubuhi hiyo, atajibu vibaya na mjukuu atalala barazani. Gemu lote ni hilo. Ukiondoa kanga hakuna kilichobaki.

Programu tunayotumia ni Ren'Py, na kwayo sina lawama hata chembe. Ni ya bure, ipo tangu 2004, aliyeianzisha ni Tom Rothamel, na jina lake limeunganishwa kutoka ren'ai, neno la Kijapani la mapenzi, na lugha ya Python. Binamu yangu hajasomea kompyuta popote, lakini haikupita wiki bibi akawa anaongea kwenye skrini. Ukibonyeza kitufe cha tabo mahali pa nafasi inagoma, ila inakuonyesha mstari uliokosea, unarekebisha, unaendelea. Laiti wale wachoraji wangekuwa wasikivu namna hiyo.

Sisi hatujui kuchora. Tukachanga, tukaenda ofisi moja ya wachoraji, jina silitaji, tukatoa nusu ya malipo. Wakasema wiki mbili. Niliwaandikia kurasa tatu: bibi mmoja, nyuso nne, kanga sita, na jina la kila kanga kwa herufi kubwa. Nikaomba kila kitu kikae kwenye tabaka lake, mwili peke yake, uso peke yake, kanga peke yake, maana Ren'Py inapandanisha yenyewe na mwili mmoja unatosha kubeba nyuso zote. Nikasisitiza mafaili ya picha yawe ya aina ya PNG, kwa sababu aina ya JPG haihifadhi uwazi. Pasipo na mchoro panajazwa rangi.

Wiki mbili zikawa mwezi, mfungo ukaingia, ukaisha. Picha zilipokuja nilizifungua nikiwa kwenye daladala. Mashallah, bibi kapendeza! Mikunjo ya macho ipo, mkono umeshika pindo la ushungi vile vile anavyoshika bibi yangu mzaa mama. Machozi yalinilenga. Nikaikuza picha, nikashuka taratibu hadi kwenye kanga. Pindo lipo. Mji upo, na korosho zake. Mahali pa jina pana vijistari vimekokotwa tu, havisomeki. Hakuna "Hasidi hana sababu", hakuna "Japo sipati tamaa sikati". Kanga zote sita, vijistari vile vile.

Na zote ni JPG. Tulipomweka jikoni kwake, bibi akasimama ndani ya boksi jeupe lililoficha meko, mbuzi ya nazi na nusu ya mlango.

Nikaenda ofisini kwao. Kijana aliyenipokea hakunyanyua macho kwenye simu. Nikamweleza, nikamwonyesha zile kurasa tatu. Akasema: "Dada, hili si gemu tu? Nani atasoma kanga?"

Nani atasoma kanga! Mjini Tanga! Mwanamke anasimama dukani nusu saa, anafunua doti baada ya doti akitafuta jina litakalomfikia anayemkusudia, halafu mtu aliyebebwa mgongoni kwa kanga ananiambia hakuna wa kusoma. Nikauliza tabaka ziko wapi, akajibu wakimaliza kazi wanazifuta. Kurekebisha ni malipo mapya. Hata pole hakusema.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota tatu, kwa ajili ya ule uso. Mkono uliouchora unajua kazi, na aliyeuchora pengine hata hizo kurasa hakupewa. Lakini uso mzuri ndani ya boksi jeupe nitaufanyia nini? Zibaki mbili.

Mwishowe mama ndiye aliyefungua sanduku lake. Tukatandika kanga zake mkekani, tukapiga picha majina moja moja. Binamu yangu akakesha siku tatu akilikata lile boksi kuzunguka ushungi, kisha akabandika majina mahali pake. Bado ukingoni mwa kiganja kuna weupe kidogo, unaniuma kila nikiuona. Juzi tukampa mpwa wangu ajaribu. Alipofika asubuhi ya pili akasogeza uso kwenye skrini, akasoma kwa sauti, "Wema hauozi," akanigeukia: "Shangazi, leo bibi hana hasira, eti?"

Yule kijana aliuliza nani atasoma. Nyota moja, na siibadilishi tena. Nusu ya malipo yao ninayo kwenye simu. Walete tabaka zote na majina sita yakiwa yameandikwa, nawatumia siku hiyo hiyo.