Fundi kanirudishia mashine bila breki

Nianze na sifa zake, nisije nikaambiwa nina chuki. Mashine yangu ya boti ilikuwa haitaki kuwaka asubuhi, unavuta kamba mpaka bega linauma. Huyu fundi akaifungua, akasafisha kabureta, sasa mvuto mmoja tu inanguruma. Bei haikunikera. Nilikuwa tayari kumtangaza Lamu nzima.

Siku ya pili au ya tatu hivi, kusi bado inavuma, natoka uwanja wa ndege wa Manda na abiria sita na mizigo yao. Bamvua, maji makubwa yanakupwa, mkondo unanisukuma kutoka tezi, yaani nyuma. Najua, gatini mtu huingia akiukabili mkondo, lakini nafasi iliyobaki ilikuwa ile. Na wenye mashine moja wanajua: boti haina breki, rivasi ndiyo breki. Nikapunguza moto, nikapita nyutro, nikatia rivasi, nikaongeza kidogo.

Mashine ikanyanyuka! Ikapanda kama punda arushaye teke, propela iko juu inakata hewa kwa makelele, na boti yaenda zake mbele. Tukaingia ubavuni mwa mashua ya watu. Sanduku la abiria mmoja likatumbukia. Mzee mwenye mashua hakunitukana, alinitazama tu. Afadhali angetukana.

Kuchungulia kwenye ubao wa tezi, zile kulabu mbili zinazoikamata mashine isipande ukitia rivasi hazipo. Si kulegea, hazipo kabisa. Na matundu ya boliti yamepakwa grisi, safi, kama kazi ya mtu makini.

Nikamwendea. Anakunywa kahawa yake, hata uso hakuinua.

"Zililiwa na kutu, nikazitoa. Huku mafungu ya mchanga ni mengi, mashine ikigonga lazima inyanyuke. Na wewe nahodha gani, waingia gatini kinyumenyume?"

Kinyumenyume! Mimi nasimamisha boti, bwana, siendi kinyumenyume! Na hayo mafungu ni kisingizio: kulabu hukamata kwenye rivasi tu, ukienda mbele mashine iko huru kunyanyuka ikigonga. Fundi asiyejua hilo ningemsamehe. Huyu anajua. Aliona tabu kutafuta nyingine, akaniachia nigundue mwenyewe majini, na roho za watu sita.

Nilikaa kuandika kwamba msimpelekee hata pampu ya baiskeli. Lakini asubuhi hii nimevuta kamba mara moja, ikawaka, nikanyamaza. Basi kwa kabureta mpelekeeni, ila simameni papo hapo mhesabu vyuma vinavyotoka na vinavyorudi. Au msimpelekee. Sijui, nikikumbuka ile kahawa damu inachemka tena.

Kulabu nimeagiza Mombasa, zilizotumika, nikazifunga mwenyewe. Boliti moja ikapungua, nikarudi kwake. Alikuwa nayo kwenye kopo, ile ile yangu. Akanitoza shilingi 50.